Kunukuliwa na Kupakuliwa: Juu ya Vipimo vya Majarida ya Kitaaluma

Majarida ya kitaaluma hupangwa siku hizi kwa madaraja kama zipangwavyo pamba na karafuu. Kila jarida hupewa namba, na namba hiyo humfuata mwandishi hadi mbele ya kamati itakayoamua kama apandishwe cheo au asipandishwe. Aghalabu namba yenyewe hutokana na jambo moja tu, yaani mara ambazo makala za jarida hilo zimetajwa katika makala za majarida mengine. Tangu majarida yaanze kusomwa katika intaneti, limezuka shauri la pili: kwamba zihesabiwe pia mara ambazo makala zimepakuliwa na wasomaji. Shauri hili lina watetezi wenye elimu kubwa, na lina jambo la kweli ndani yake. Lakini hoja ambayo watetezi wake wameipenda zaidi ndiyo, nionavyo mimi, hoja dhaifu kuliko zote, na ile iliyo nzito wameipita mbio. Suala hili lawahusu watu wote waandikao, ila lawahusu kwa namna ya pekee wale waandikao kwa Kiswahili, kwa sababu ambazo zitaonekana.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe. Kupakua ni neno la bandarini na la jikoni. Chombo kikitia nanga, shehena hupakuliwa. Wali ukiiva, hupakuliwa. Waliolichukua neno hili kwa kazi ya kompyuta walichagua vema, pengine kuliko walivyokusudia, kwa maana kupakua si kula: sahani yaweza kupakuliwa ikaachwa hata ikapoa. Kunukuu nako kwatokana na Kiarabu, na ni ndugu wa kunakili. Maana yake ya asili ni kuhamisha kitu kutoka mahali na kukipeleka pengine. Anukuuye leo huhamisha jina na mwaka kutoka orodha moja hadi nyingine, na hapana dhamana kwamba naye amekula. Basi tusije tukadhani kuwa kipimo kimoja chapima kusoma kwa hakika na cha pili chakisia tu. Vyote viwili ni ishara za nje za tendo ambalo hapana awezaye kulihesabu.

Historia ya kuhesabu nukuu ina mafunzo ambayo kamati zetu zimeyasahau. Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross walichapisha makala fupi katika jarida la Science. Swali lao lilikuwa la maktaba: chuo kidogo, chenye fedha chache, kinunue majarida gani ya kemia? Wakachukua toleo la mwaka 1926 la jarida la chama cha wanakemia wa Marekani, wakahesabu ni majarida gani yaliyotajwa katika tanbihi zake na kwa mara ngapi. Jibu lililopatikana lilitosha kwa haja waliyokuwa nayo. Mwaka 1955 Eugene Garfield, katika jarida lilo hilo la Science, alipendekeza faharasa ya nukuu kwa ajili ya sayansi zote. Yeye alitaka chombo cha kutafutia: mtu akiisoma makala ya zamani aweze kujua ni nani aliyeijadili baadaye, na hasa ni nani aliyeikosoa, ili makosa yasiendelee kurithiwa. Faharasa hiyo ilitoka mwaka 1964 kutoka katika taasisi yake huko Philadelphia, na mwaka 1975 ikafuatwa na ripoti ya majarida ambayo ndani yake mlikuwa na kile kiitwacho sasa kipimo cha athari.

Hesabu yake ni nyepesi. Huchukuliwa nukuu zote za mwaka mmoja zinazoelekea kwenye makala za jarida za miaka 2 iliyotangulia, zikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Wepesi huu ndio uliokipa kipimo ufalme wake, na ndio unaokiponza. Wastani husema kweli juu ya vitu vinavyokaribiana, lakini nukuu hazikaribiani: makala chache hutajwa mno na nyingi hutajwa kidogo au hazitajwi kabisa. Mfano ujulikanao sana ni wa jarida la Acta Crystallographica, sehemu A. Kipimo chake cha mwaka 2008 kilikuwa 2.051, cha mwaka 2009 kikawa 49.926. Jarida halikubadilika wala wahariri wake hawakupata ufunuo. Ilikuwa ni makala moja tu ya George Sheldrick, iliyotoka mwaka 2008, inayoeleza historia ya programu ambazo wachunguzi wa fuwele huzitumia kila siku na hivyo huitaja kila waandikapo. Mwandishi mwingine yeyote wa jarida hilo katika mwaka ule alipata heshima ya 49.926 bila ya kuifanyia kazi.

Kwa sisi wa taaluma za lugha kosa kubwa zaidi ni hiyo miaka 2. Uchunguzi wa W. H. Whiteley juu ya Kimtang'ata ulichapwa mwaka 1956, na kitabu chake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, vyote kwa jina la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hadi leo hapana awezaye kuandika kwa uzito juu ya lahaja hizo bila ya kurejea huko. Hivyo ni vitabu, lakini makala zetu nazo huzeeka kwa mwendo uo huo: data ya lahaja iliyokusanywa vizuri haichakai, bali huongezeka thamani kadiri wasemaji wazee wanavyotutoka. Kipimo kinachofunga mlango baada ya miaka 2 kilitengenezwa kwa ajili ya elimu ambazo habari ya juzi huzima habari ya jana. Si ajabu basi kwamba kwa miongo mingi wenye faharasa wenyewe hawakuyapa kipimo cha athari majarida yaliyomo katika faharasa yao ya sanaa na elimu za utu, iliyoanzishwa mwaka 1978. Walianza kuyapa mwaka 2023 tu, na sioni kuwa siku hiyo ni ya kusherehekewa.

Kisha liko suala la nani ahesabiwaye. Nukuu huhesabiwa ikiwa tu anayenukuu ameandika katika jarida lililomo ndani ya faharasa. Tuseme makala ya Kiswahili juu ya ngeli imetajwa katika tasnifu 20 za uzamili, katika vitabu vya kiada na katika makala nyingine za Kiswahili zilizotoka katika majarida yasiyomo. Mbele ya kipimo makala hiyo imetajwa mara sifuri, na sifuri hiyo husomwa na kamati kana kwamba maana yake ni kuwa hapana aliyeisoma.

Hapa ndipo shauri la upakuaji linapoingia, na laingia na ahadi nzuri. Mwanafunzi hupakua, mwalimu wa sekondari hupakua, mfasiri hupakua, mtangazaji wa redio hupakua; hawa hawaandiki tanbihi, ila wanasoma. Tena namba ya upakuaji hupatikana mara moja, bila ya kungoja mwaka na nusu hadi mtu mwingine aandike na jarida lake litoke. Ili namba za wachapishaji mbalimbali ziweze kulinganishwa, mwaka 2002 ulianzishwa mpango uitwao COUNTER, uliowaunganisha wakutubi na wachapishaji, ukatunga kanuni za kuhesabu. Kwa mfano, mtu akibofya mara mbili kwa haraka huhesabiwa mara moja, na programu zijulikanazo zinazozunguka katika intaneti kukusanya kurasa huondolewa katika hesabu. Ni kazi ya uangalifu, kazi ya makarani wema, na sina la kuilaumu.

Lawama yangu ni juu ya namna namba hizo zilivyotetewa. Kwa muda mrefu watafiti walijaribu kuonyesha kwamba upakuaji wa leo watabiri nukuu za kesho. Mwaka 2004 T. V. Perneger alichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa makala 153 za jarida lilo hilo zilizotoka mwaka 1999. Alilinganisha mara zilizofunguliwa katika juma la kwanza na nukuu zilizofuata katika miaka 5, akapata uhusiano wa 0.50, ambapo 1 ni kufuatana kabisa na 0 ni kutohusiana. Mwaka 2006 Tim Brody, Stevan Harnad na Leslie Carr waliyatazama maandishi ya wanafizikia katika hazina ya arXiv, wakapata uhusiano uliokaribia 0.4. Matokeo haya yalipokewa kwa shangwe, kana kwamba upakuaji umepewa cheti cha kuzaliwa.

Tuyatazame kwa utulivu. Uhusiano wa 0.50 maana yake ni kwamba robo tu ya tofauti za nukuu yaweza kuelezwa kwa upakuaji. Robo tatu zabaki nje. Hilo ni la hesabu, na ni dogo. La mantiki ni kubwa zaidi. Ikiwa thamani ya upakuaji ni kule kutabiri nukuu, basi upakuaji ni mtumwa wa nukuu: ukitabiri vizuri hauna jipya la kutuambia, maana tungengoja kidogo tukapata jambo lenyewe; ukitabiri vibaya husemwa kuwa una kasoro. Mtetezi wa namna hii ameshindwa kesi kabla hajafika barazani. Upakuaji una faida pale tu ambapo haukubaliani na nukuu, kwa sababu pale ndipo tunapowaona watu ambao nukuu haziwaoni.

Ushahidi wa jambo hili upo, nao ni mzuri kuliko huo wa utabiri. Mwaka 2008 Philip Davis na wenzake walitangaza katika British Medical Journal jaribio walilolifanya katika majarida 11 ya chama cha wanafiziolojia wa Marekani. Kati ya makala 1,619 walichagua 247 kwa njia ya kura, wakaziachia zisomwe bure na mtu yeyote; zilizobaki zikakaa nyuma ya malipo kama kawaida. Katika miezi ya mwanzo makala zilizofunguliwa zilisomwa kwa ukamilifu asilimia 89 zaidi, na nakala zake za PDF zilipakuliwa asilimia 42 zaidi. Lakini mwaka mmoja baada ya kutoka hazikuwa zimenukuliwa zaidi ya zile zilizofungwa. Wengi waliusoma uchunguzi huu kama habari mbaya kwa wapendao majarida ya bure. Mimi nausoma kinyume. Mlango ulipofunguliwa waliingia watu, na watu hao hawakuwa waandishi wa makala. Wale waandikao walikuwa na ufunguo tangu zamani, kwa kuwa vyuo vyao vimelipa. Waliongezeka wengine: matabibu, walimu, wanafunzi wa vyuo maskini, na wenye kutaka kujua tu. Kwa kipimo cha nukuu watu wote hawa ni hewa.

Johan Bollen na Herbert Van de Sompel, waliofanya kazi katika maabara ya Los Alamos, walikaribia kulisema jambo hili. Katika uchunguzi wa mwaka 2009 Bollen na wenzake walilinganisha vipimo 39, vingine vya nukuu na vingine vya matumizi, wakaona kuwa athari ya kitaaluma si kitu kimoja kiwezacho kushikwa na kipimo kimoja, na kuwa kipimo cha athari tulichokizoea chakaa pembezoni mwa ramani, si katikati. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bollen na Van de Sompel walichunguza matumizi ya majarida katika California State University, wakaona kuwa namba za upakuaji hutegemea sana ni nani wasomao: penye wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza, majarida yanayopendwa huwa mengine kabisa na yale yenye kipimo kikubwa cha athari. Wengi hulichukua hili kuwa ila ya upakuaji. Lawama hiyo ina haki nusu. Ni kweli kwamba namba isiyoeleza imetoka katika umati gani haifai kulinganishwa na nyingine. Lakini kusema kuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza huiharibu hesabu ni kusema kuwa wao si wasomaji, na hilo mwalimu wa chuo kikuu hawezi kulisema na kuendelea kupokea mshahara wake kwa amani.

Hata hivyo haifai kuzificha kasoro za upakuaji, na wako watetezi wanaozificha. Ya kwanza ni udanganyifu. Benjamin Edelman na Ian Larkin waliwachunguza waandishi wa hazina ya SSRN, ambayo huorodhesha makala zinazopakuliwa zaidi, wakaona dalili kwamba baadhi yao walizipakua makala zao wenyewe, hasa walipokuwa karibu na kuingia katika orodha ya kumi bora au walipozidiwa na wenzao. Mtu asijidai kwamba nukuu zimesalimika na ugonjwa huu; mwaka 2013 majarida manne ya Brazil yalisimamishwa kupewa kipimo kwa sababu ya kunukuliana kwa mpango. Lakini kunukuliana kwahitaji shirika la watu, na kwaacha alama katika karatasi. Kujipakua mtu hukufanya peke yake usiku chumbani.

Kasoro ya pili ni ya ufundi, na imewapotosha hata wakutubi hodari. Katika tovuti nyingine msomaji hulazimika kuufungua kwanza ukurasa wa makala ndipo aifikie nakala ya PDF. Akihesabiwa katika hatua zote mbili, msomaji mmoja huwa wawili. Davis na Jason Price waliionyesha kasoro hiyo mwaka 2006. Kwa hiyo mchapishaji anaweza kuongeza wasomaji wake kwa kubadili mahali pa kubofya, bila ya mtu mmoja kuongezeka duniani.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, na sijaona ikipewa nafasi inayostahili. Makala ya Kiswahili haisambai kama makala ya Kiingereza iliyo chini ya ulinzi wa kampuni kubwa. Ile ya kampuni kila mwanafunzi huifikia kwa nywila ya chuo chake, na kila aingiapo huhesabiwa. Ya kwetu hupakuliwa na mwanafunzi mmoja, akaituma kwa darasa zima kwa WhatsApp; au huchapwa mara moja ikapelekwa kwa mwenye mashine ya fotokopi nje ya lango la chuo, na kuanzia hapo haina tena hesabu. Darasa la watu 50 huacha alama ya msomaji mmoja. Kwa upande mwingine, jarida dogo likaalo katika seva isiyo na mtu wa kuitunza huweza kuzolewa na programu za kukusanya kurasa, likajiona lina wasomaji wengi usiku wa manane kuliko mchana. Makosa haya mawili hayafutani. Moja hupunguza na jingine huzidisha, na hayaangukii majarida yale yale. Basi anayetaka kulilinganisha jarida la Dar es Salaam na jarida la Oxford kwa namba tupu za upakuaji, atakuwa amepima maji kwa pishi upande mmoja na kwa ratili upande wa pili.

Je, namba hizo tuzitupe? Hasha. African Journals OnLine, iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo tangu mwaka 2005 makao yake yako Afrika Kusini, imeyapa majarida mengi ya bara hili mahali ambapo makala zaonekana na upakuaji waweza kuhesabiwa. Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 kama sehemu ya mfululizo uliotolewa Köln, lasomwa bure katika intaneti. Hazina hizi zinaweza kutuambia mambo ambayo faharasa za nukuu haziwezi kabisa. Zinaweza kutuambia kama makala iliyoandikwa kwa Kiswahili yasomwa zaidi au kidogo kuliko makala juu ya Kiswahili iliyoandikwa kwa Kiingereza, katika jarida lilo hilo na mwaka ule ule. Hapo ulinganisho ni wa haki, maana seva ni moja, bei ni moja na kanuni ya kuhesabu ni moja. Swali hilo si la udadisi tu. Mhadhiri kijana mwenye makala nzuri mkononi hujiuliza kila siku aiandike kwa lugha gani na aipeleke wapi, na kamati humjibu kwa namba ya athari: andika kwa Kiingereza, peleka ng'ambo. Makala ya mofolojia ya Kiswahili ikaandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa Kiswahili aliyeko Kigoma haitumii darasani mwake. Tukiwa na hesabu ya wasomaji kwa lugha, angalau jibu la kamati litalazimika kutoa sababu.

Maazimio ya kutuunga mkono hayakukosekana. Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, lilisema wazi kwamba vipimo vya majarida visitumiwe kumpimia mtafiti mmoja mmoja. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ilitaka utafiti wenye manufaa ya mahali ulindwe, ikataja hatari ya kuzipa thamani zile tu ziandikwazo kwa Kiingereza. Mwaka 2019 lilifuata tamko la Helsinki juu ya wingi wa lugha katika mawasiliano ya kitaaluma. Vyuo hutia sahihi, kisha fomu za kupandishwa cheo huendelea kuuliza swali lile lile katika safu ile ile. Maadam fomu haijabadilika, azimio ni pambo la ukutani.

Nisingependa kuona namba mbili hizi zikichanganywa zikawa moja, kama wengine wanavyoshauri, kwa kuzidisha nukuu kwa kiasi fulani na upakuaji kwa kiasi kingine. Kiasi gani? Hapana awezaye kukitaja bila ya kukibuni, na kikishabuniwa kitasahaulika kuwa kilibuniwa. Ziwekwe pande mbili, kwa kila makala na si kwa jarida zima, kwa miaka 10 au 15 na si 2; kando yake pawekwe orodha ya tasnifu za vyuo vyetu zilizoitaja makala hiyo, kazi ambayo maktaba zetu zinaweza kuifanya bila ya kungoja kampuni ya ng'ambo. Kamati ikiona makala imepakuliwa mno na haikunukuliwa, iulize ni nani wanaoisoma. Ikiona imenukuliwa mno na haipakuliwi, iulize kama wanukuuo wameisoma. Maswali yote mawili yatailazimisha kuifungua makala yenyewe.

Limebaki jambo moja la kuwaambia wenye kutunza seva za majarida yetu. Kanuni za kuhesabu hubadilika. Toleo la 5 la COUNTER, lililoanza kutumika Januari 2019, lilibadili muda wa kubofya mara mbili kwa kurasa za HTML kutoka sekunde 10 hadi 30, likaanza pia kutenga jumla ya maombi na maombi yasiyorudiwa. Kwa hiyo namba za mwaka 2018 na za mwaka 2019 haziwezi kuwekwa katika mstari mmoja kama zilivyo. Aliyehifadhi kumbukumbu ghafi za seva anaweza kuzihesabu upya miaka yote kwa kanuni moja. Aliyehifadhi jumla za mwezi peke yake hana njia. Kumbukumbu hizo hazichukui nafasi kubwa, na kwa kawaida hufutwa na fundi anayesafisha mashine bila ya kuulizwa na mtu. Mhariri amwandikie fundi barua mapema.